Akiba haiozi, lakini kanda huoza: Jinsi ya kunasa na kuhifadhi mechi za runinga nyumbani

WAPENZI wa michezo nchini ni hodari wa kusimulia. Muulize shabiki wa Gor Mahia aliyefikia umri wa makamo kuhusu fainali ya Kombe la Mandela mwaka wa 1987, naye atakueleza sare ya 2-2 ugenini Tunis dhidi ya Esperance, kisha sare ya 1-1 ugani Kasarani, na jinsi kanuni ya mabao ya ugenini ilivyoileta Kenya taji hilo la bara. Lakini mwanawe akimwomba amwonyeshe mechi yenyewe, tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, aghalabu simulizi hukomea hapo.

Wengi wetu hudhani kwamba mchezo ukishapeperushwa katika runinga, basi umehifadhiwa mahali fulani milele. Dhana hiyo si sahihi. Stesheni ya runinga huwa na kazi ya kupeperusha matangazo, na kuyahifadhi ni kazi nyingine yenye gharama zake. Katika miaka ya sitini na sabini, kanda za kunasia picha zilikuwa ghali mno hivi kwamba hata BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vingi ili kanda hizo zitumike tena. Kilichosalia wakati mwingine kilisalia kwa sababu mtu binafsi, nyumbani kwake, alichukua hatua ambayo wenye stesheni hawakuichukua.

Makala haya yanaeleza jinsi mwananchi wa kawaida anavyoweza kunasa mechi za runinga kwa vifaa vya nyumbani, na jinsi ya kuzihifadhi ili zidumu. Yanamhusu pia yule aliye na kanda kuukuu sandukuni, ambaye muda wake wa kuziokoa unayoyoma.

Mechi zilizookolewa na watu binafsi

Mfano mashuhuri zaidi unatoka Marekani. Mnamo Oktoba 13, 1960, timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates iliishinda New York Yankees 10-9 katika mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali za kitaifa, kwa mpigo wa Bill Mazeroski ambao hadi leo husimuliwa na wazee wa mji huo. Mwimbaji Bing Crosby alikuwa mmoja wa wamiliki wa Pirates. Kwa kuogopa kuiletea timu yake nuksi, alisafiri hadi Paris, lakini akaagiza mchezo huo unaswe kwenye filamu moja kwa moja kutoka kwa runinga. Crosby alifariki mwaka wa 1977. Filamu hiyo ilipatikana Desemba 2009 katika chumba cha kuhifadhia mvinyo nyumbani kwake California, ikiwa katika hali njema. Kwa karibu miaka hamsini iliaminika kwamba hapakuwa na nakala kamili ya matangazo hayo popote duniani.

Mfano wa pili ni fainali ya kwanza ya Super Bowl, iliyochezwa Los Angeles Januari 15, 1967, ambapo Green Bay Packers waliwalaza Kansas City Chiefs 35-10. Stesheni mbili kubwa, CBS na NBC, ziliipeperusha moja kwa moja. Hakuna hata moja iliyohifadhi kanda kamili. Nakala yenye sehemu kubwa ya matangazo hayo ilijitokeza mwaka wa 2005, ikiwa imenaswa na mtu mmoja wa jimbo la Pennsylvania na kukaa darini kwa miaka mingi.

Visa hivi viwili vina funzo moja. Filamu ya Crosby ilidumu kwa sababu chumba kile kilikuwa na baridi, kikavu na chenye giza. Kunasa peke yake hakutoshi; pa kuweka nako kuna uzito wake.

Tambua kwanza matangazo yanakujia kwa njia gani

Kabla ya kununua kifaa chochote, msomaji ajiulize: mechi ninazotaka kuhifadhi hunifikia vipi? Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka wa 2015, na tangu hapo matangazo ya angani hupokewa kwa mfumo wa dijitali uitwao DVB-T2. Yapo makundi matatu.

Kundi la kwanza ni stesheni zisizolipiwa, zinazopokewa kwa antena ya kawaida. Hizi ndizo rahisi kunasa, na ndizo ambazo aghalabu huonyesha ngarambe za humu nchini.

Kundi la pili ni stesheni za kulipia, kwa satelaiti au antena. Baadhi ya ving'amuzi vyake vina diski ya ndani ya kunasia vipindi. Tatizo ni kwamba picha hizo hufungwa kwa ufunguo wa siri wa king'amuzi kile kile. Ukiihamisha diski kwenye kifaa kingine haisomeki, na king'amuzi kikiharibika, mechi zote huenda nacho. Diski ya aina hiyo ni ya kutazamia baadaye, juma hili au lijalo. Usiihesabu kuwa hifadhi.

Kundi la tatu ni mechi zinazoonyeshwa kwenye intaneti. Baadhi ya wenye matangazo huruhusu shabiki kuzipakua, wengine huzifunga. Hata zile ambazo leo zinapatikana bure zinaweza kuondolewa kesho mkataba wa haki za matangazo ukikatika.

Njia ya kwanza: king'amuzi na diski

Njia nafuu kabisa ni king'amuzi cha stesheni zisizolipiwa chenye tundu la USB na uwezo wa kunasa. Si vyote vilivyo na uwezo huo. Vingine hutumia tundu hilo kwa kucheza muziki na picha pekee. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka anase dakika tano mbele yako, kisha aichomeke diski hiyo kwenye tarakilishi na kuicheza. Ikikataa kucheza huko, basi king'amuzi hicho nacho hufunga picha zake, na hakifai kwa kazi hii.

Tumia diski ya nje badala ya fleshi ndogo. Fleshi nyingi za bei ya chini huandika polepole, na matokeo yake ni picha inayokwamakwama. Diski yenye waya wake wa umeme ni bora zaidi, kwa kuwa tundu la king'amuzi huenda lisiwe na nguvu za kutosha kuiendesha.

Zingatia pia jinsi diski ilivyoandaliwa. Ile iliyoandaliwa kwa fomati ya FAT32 haikubali faili moja lizidi gigabaiti 4. Ving'amuzi vingine huigawa mechi katika vipande viwili au vitatu, ilhali vingine husimama tu, pengine bao la ushindi likiwa njiani. Ikiwa king'amuzi chako kinakubali NTFS au exFAT, tumia mojawapo ya hizo.

Ubora wa mbinu hii ni kwamba king'amuzi hakiichori picha upya. Huandika diskini mkondo ule ule uliotoka mtamboni, bila kupunguza chochote. Unachokiona kwenye faili ndicho hasa kilichopeperushwa. Hivyo basi, antena nzuri ni muhimu kuliko king'amuzi ghali. Antena ya nje, iliyo juu ya paa na kuelekezwa sawasawa kwenye mlingoti wa mitambo, itakuepusha na vile vijisanduku vinavyotapakaa pichani ishara inapodhoofika. Kilichoharibika wakati wa kunasa hakitengenezeki baadaye.

Njia ya pili: tarakilishi na kipokezi

Aliye na tarakilishi anaweza kununua kipokezi kidogo cha DVB-T2 kinachochomekwa kwenye tundu la USB na kuunganishwa na antena. Zipo programu za bure za kusimamia kazi hiyo, kama vile NextPVR na Tvheadend. Hii ya pili huweza kuendeshwa hata na tarakilishi ndogo ya Raspberry Pi, ambayo hutumia umeme kidogo na inaweza kuachwa ikifanya kazi usiku kucha.

Faida yake ni ratiba. Unaiagiza programu kunasa mechi zote za Jumamosi alasiri, nayo inafanya hivyo ukiwa kazini au safarini. Kadhalika, stesheni kadhaa za mlingoti mmoja husafiri pamoja katika mkondo mmoja, hivyo kipokezi kimoja kinaweza kunasa mechi mbili kwa wakati mmoja iwapo stesheni hizo ziko katika mkondo huo.

Umeme ukipotea katikati ya mechi, mengi hutegemea aina ya faili. Faili la mkondo, ambalo jina lake huishia kwa herufi TS, husomeka hadi pale lilipokatikia. Faili la MP4 lililokatizwa kabla ya kufungwa huenda lisifunguke kabisa. Nasa kwa TS, kisha ubadilishe baadaye ukipenda. Betri ya akiba ya UPS, hata iwe ndogo, itashikilia tarakilishi na kipokezi hadi umeme urejee ikiwa umekatika kwa dakika chache tu.

Hesabu ya muda

Mechi nyingi za nyumbani huharibiwa na saa kuliko kifaa. Dakika 90 za kandanda si dakika 90 za kunasa. Jumlisha vipindi viwili vya dakika 45, mapumziko ya dakika 15 na dakika za majeruhi, na utakaribia saa mbili. Ikiwa ni mchezo wa mtoano, ongeza nusu saa ya muda wa ziada, mapumziko mafupi, kisha mikwaju ya penalti. Anza dakika kumi kabla ya kipenga, ili unase nyimbo za taifa na orodha ya wachezaji, na utahitaji saa tatu kamili.

Kanuni rahisi ni hii: weka dakika kumi mbele, na saa nzima nyuma ya muda uliotangazwa. Robo-fainali ya CHAN mwezi Agosti 2025, ambapo Harambee Stars waliondolewa na Madagascar kwa penalti baada ya sare ya 1-1 Kasarani, ni ushahidi tosha. Aliyenasa kwa saa mbili tu alibaki na mchezo usio na mwisho wake.

Hesabu ya nafasi

Wapo wanaoogopa kwamba diski itajaa upesi. Hesabu yake si ngumu. Kila megabiti 1 kwa sekunde huchukua megabaiti 450 kwa saa. Stesheni ya picha ya kawaida inayopeperusha kwa megabiti 2 kwa sekunde itatumia takriban gigabaiti 0.9 kwa saa, hivyo kunasa kwa saa mbili na nusu ni gigabaiti 2.25. Stesheni ya picha ang'avu ya megabiti 8 kwa sekunde itatumia gigabaiti 3.6 kwa saa, au gigabaiti 9 kwa mechi. Diski ya terabaiti 1 itabeba zaidi ya mechi 400 za aina ya kwanza, au takriban 110 za aina ya pili. Kwa shabiki anayehifadhi mechi mbili kila wiki, hata hizo 110 ni zaidi ya mwaka mzima.

Usizipunguze faili ili kuokoa nafasi kabla ya kufikiri. Kila unapoichora picha upya kwa ukubwa mdogo, unapoteza kitu ambacho hakitarudi, ilhali diski huwezi kukosa kuipata dukani siku ukiihitaji.

Kanda za video: muda hauko upande wetu

Tunafika sasa kwenye jambo la dharura. Katika nyumba nyingi nchini mngali na kanda za VHS zilizonaswa kati ya miaka ya themanini na mwanzoni mwa karne hii. Huenda humo mna mechi za ligi, Michezo ya Afrika ya mwaka wa 1987 iliyoandaliwa Nairobi, nusu-fainali ya Kombe la Dunia la Kriketi ya 2003, au ushindi wa 3-0 wa Harambee Stars dhidi ya Burkina Faso nchini Tunisia mwaka wa 2004, ambao ulikuwa wao wa kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kanda za sumaku hazikuisikia methali hiyo. Unga wa sumaku unaobeba picha hufifia, gundi inayoushikilia hulainika, na penye unyevu, kama Mombasa, Lamu au kandokando ya Ziwa Victoria, kuvu huota kwenye ukingo wa kanda. Fauka ya hayo, mashine za kuzichezea zinaadimika: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilisitisha kazi hiyo Julai 2016. Mafundi wanaozijua wanazeeka, na vipuri vinatolewa kwenye mashine nyingine mbovu.

Mwenye kanda kama hizo na afuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, vunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kanda. Kikishatoka, mashine hukataa kunasa kitu kipya juu ya kilichomo.

Pili, ichunguze kanda kwenye mwanga. Ukiona utando mweupe, usiitie mashineni. Kuvu itahamia kwenye vichwa vya mashine na kutoka hapo kwenda kwa kanda nyingine zote. Itenge hadi fundi aisafishe.

Tatu, tafuta mashine iliyo katika hali njema na fundi asafishe vichwa vyake. Ipeleke kanda mbele hadi mwisho, kisha uirudishe hadi mwanzo, ili ikunjuke kabla ya kuicheza.

Nne, unganisha mashine na tarakilishi kupitia kifaa cha kunasia chenye matundu ya manjano, meupe na mekundu. Manjano ni ya picha. Mawili mengine ni ya sauti. Programu za bure kama OBS Studio na VirtualDub zinaweza kuipokea picha hiyo.

Tano, tenga muda. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kuhamishwa. Hakuna njia ya mkato. Mwenye kanda 50 za aina hiyo ana kazi ya saa 150, yaani jioni nyingi. Aanze na zile ambazo anaamini hakuna mwingine aliye nazo.

Kuna jambo moja la kiufundi linalohusu michezo hasa. Mfumo wa PAL tuliotumia huonyesha picha 25 kwa sekunde, lakini kila picha imegawanywa katika nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, hivyo mwendo halisi ni hatua 50 kwa sekunde. Programu nyingi, zisipoelekezwa, huunganisha nusu hizo na kubakisha hatua 25. Kwa mtu anayesoma taarifa ya habari hutaona tofauti. Kwa mkwaju wa adhabu au mkimbiaji anayemaliza mbio, mwendo hugeuka wa kurukaruka. Hifadhi nakala ya kwanza jinsi ilivyotoka, bila kuunganisha chochote. Ukitumia fomati ya DV, kila saa itachukua takriban gigabaiti 13. Nakala ndogo ya kutazamia kwenye simu itengenezwe kutoka kwa hiyo.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Diski yenye mafaili 300 yaliyopewa majina na king'amuzi ni sawa na ghala lisilo na taa. Lipe kila faili jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha timu, mashindano na stesheni. Kwa mfano 2004-02-02 Kenya-BurkinaFaso AFCON. Ukianza na mwaka, tarakilishi yenyewe itayapanga kwa mfuatano wa tarehe.

Kando ya hayo, weka daftari la jedwali lenye uwanja, matokeo, wafungaji, majina ya watangazaji, na kasoro zozote, mathalan umeme uliokatika dakika ya 63. Usiyakate matangazo ya biashara wala mahojiano ya mapumziko katika nakala ya kwanza. Baada ya miaka ishirini, sauti ya mtangazaji na tangazo la sabuni vitakuwa na thamani ya kihistoria sawa na mchezo wenyewe.

Nakala tatu

Diski zote hufa. Wahifadhi wa kumbukumbu hufuata kanuni rahisi: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yazo iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida, hiyo ni diski moja ya matumizi ya kila siku, ya pili iliyofungwa kabatini, na ya tatu kwa ndugu aishiye mji mwingine. Moto, mafuriko au mwizi hatazifikia zote kwa siku moja.

Diski ya kabatini iwashwe angalau mara moja kwa mwaka na mafaili yajaribiwe. Baada ya miaka mitano hivi, hamishia yaliyomo kwenye diski mpya hata kama ile ya zamani haijalalamika. Sahani za DVD ulizochoma mwenyewe zisitegemewe peke yake, kwani rangi inayobeba data hufifia, hasa zikiachwa kwenye mwanga na joto.

Sheria yasemaje?

Mwaka wa 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua katika kesi ya Sony na Universal kwamba kunasa kipindi nyumbani ili ukitazame baadaye si kosa. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inayatambua matumizi ya binafsi yaliyo ya haki miongoni mwa mambo yasiyovunja hakimiliki.

Mipaka, hata hivyo, iko wazi. Kuuza nakala, kutoza kiingilio watu waje kutazama, au kuipandisha mechi nzima kwenye mtandao bila idhini ni jambo jingine, na haki hizo ni za wenye matangazo. Mwenye ile kanda ya Super Bowl ya 1967 aliligundua hilo: kanda ilikuwa mali yake, lakini mchezo ulionaswa humo haukuwa wake kuuza. Vilevile, kuvunja kufuli za siri za ving'amuzi vya kulipia si sehemu ya haki ya matumizi ya binafsi.

Mtu asivunjwe moyo na hayo. Kazi ya mhifadhi wa nyumbani ni kuhakikisha kwamba mchezo upo siku utakapohitajika, na stesheni, shirikisho au jumba la kumbukumbu likiutafuta, pawe na mlango wa kubisha. Michuano mikuu ya Ulaya ina wahifadhi wake. Mechi ya ligi yetu ya wanawake, fainali ya shule za upili, au mbio za nyika zilizoonyeshwa na stesheni moja tu alasiri ya Jumamosi, huenda zikawa na mhifadhi mmoja pekee.

Kwa hivyo, wikendi hii, kabla ya kununua chochote, fungua lile sanduku la kanda, zivunje vile vipande vya mgongoni, na uandike kwenye karatasi kilichomo katika kila moja. Hatua hiyo haigharimu hata shilingi.